NYUMBA YETU: Kipimo cha Ubao wa Mchagoni

Msomaji mmoja aliye karani katika ofisi ya kata, Kaunti ya Kakamega, ameniletea barua ndefu yenye swali ambalo mtu asiyeisoma yote angeliona kuwa ni dogo. Amejenga nyumba ya matofali, na chumba chake cha kulala kina upana wa futi 9 na urefu wa futi 10. Godoro amekwisha kununua, la futi 5 kwa 6. Sasa fundi anamshauri amtengenezee ubao mkubwa wa kuwekwa kichwani mwa kitanda, wenye bawa kila upande na kisanduku cha kuwekea taa chini ya kila bawa, na kimo chake kutoka sakafuni kiwe futi 5. Shemeji yake afanyaye kazi Nairobi amemwambia kwamba kitanda kisicho na ubao wa namna hiyo ni kitanda cha hospitali. Mkewe hautaki kabisa. Yeye ameuliza neno moja tu: mtoto wanayemtarajia baada ya miezi miwili atalala wapi?

Bwana huyu ataka kujua ni nani aliye na haki kati ya hao watatu. Nami namwomba azuie malipo ya kwanza ya fundi mpaka atakapokuwa amepima mambo machache nitakayoyataja hapa, maana swali la mkewe haliwezi kujibiwa kwa maneno. Hujibiwa kwa futikamba.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Kitanda cha Kiswahili kina majina yake kamili, wala si haki kuyaacha yapotee. Miguu yake ni matendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Zile fupi ziunganishazo mifumbati, moja upande wa kichwa na moja upande wa miguu, ni vitakizo. Upande wa kichwa ndio mchago. Basi ubao unaosimama mchagoni, ukizuia mito isianguke na kumpa mtu mahali pa kuegemea, nitauita ubao wa mchagoni. Mafundi wengi wa siku hizi husema hedibodi, na msomaji atakayekwenda kuagiza kwa jina hilo ataeleweka mara moja.

Wako watu wadhanio kwamba kitanda hakikamiliki bila ubao huo. Sivyo. Wamisri wa kale walitengeneza vitanda vyenye ubao upande wa miguuni, na mchagoni hawakuweka kitu. Kichwa kililazwa juu ya kiegemeo kidogo cha mti au cha jiwe. Howard Carter alipolifikia kaburi la mfalme Tutankhamun mwaka 1922, vitanda vya namna hiyo vilikuwamo. Hapa kwetu Kenya, Waturkana wana ekicholong, yaani kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume hukikalia mchana na usiku hukifanya mto. Sijasikia mtu akimwambia mzee wa Kiturkana kwamba amelala kama mgonjwa wa hospitali.

Katika nchi za baridi mambo yalikuwa mengine. Kuta zilikuwa baridi, upepo ulipenya, na ubao mrefu pamoja na mapazia vilimlinda mtu alalaye. Huko Uingereza kiko kitanda mashuhuri kiitwacho Kitanda cha Ware, kilichotengenezwa karibu na mwaka 1590, nacho sasa kimo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Upana wake ni mita 3.26 na kimo chake mita 2.67, na ubao wake wa mchagoni umejaa nakshi tangu chini hata juu. Yaaminiwa kwamba kilifanywa kikubwa hivyo makusudi kwa ajili ya nyumba ya wageni, ili wasafiri wakizungumze na wengine waje kukiona. Maana yake kilikuwa tangazo la biashara. Naona jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mtu aonyeshwaye ubao mkubwa dukani: chumba chako cha kulala kina wateja gani?

Pwani yetu nayo ina samadari, vile vitanda vikubwa vya Unguja na Lamu vyenye nguzo na nakshi. Ni vizuri mno, wala sitamlaumu aliyerithi kimoja. Lakini atazame na nyumba ambamo vilikaa. Nyumba za mawe za Lamu zina dari za juu, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kitanda kiliwekwa mwisho wa chumba, na urefu wote uliobaki ukawa wa kupitia watu. Chumba cha futi 9 kwa 10 hakina mwisho wa namna hiyo. Ukiingia mlangoni umekwisha fika kitandani.

Basi tuje kwenye upana. Usikipime kitanda kwa jina lake. Godoro liitwalo 5 kwa 6 lina upana wa inchi 60, lakini urefu wake huenda ukawa inchi 72, na lingine inchi 75, kwa jina lile lile. Inchi 3 si kitu katika shamba, lakini katika chumba kidogo zaweza kuzuia mlango. Chukua futikamba, upime godoro lenyewe likiwa limelala chini, kisha uandike.

Hesabu ya upana ni nyepesi. Chukua upana wa godoro. Ongeza nusu inchi kila upande, ili mkono upate kuingiza shuka. Ongeza unene wa mifumbati miwili, ambao aghalabu ni inchi moja na nusu kila mmoja. Kwa godoro la inchi 60 tunapata 60 na 1 na 3, jumla inchi 64. Huo ndio upana wa kitanda kwa nje, nao ndio upana wa kwanza wa ubao. Kwa hesabu iyo hiyo kitanda cha futi 3 na nusu chataka ubao wa inchi 46, cha futi 4 chataka inchi 52, na cha futi 6 inchi 76. Ukiongeza inchi 2 au 3 kila upande hakuna ubaya kama nafasi iko, maana mto hautadondokea pembeni. Usiupunguze ukawa mwembamba kuliko godoro, kwa kuwa kitanda kitaonekana kama mtu mnene aliyevaa kofia ya mtoto, na mito itaanguka kila usiku.

Wasomaji wetu walio na nyumba za msonge wana hesabu yao wenyewe, nao husahauliwa na wachora vitanda wote. Ubao ulionyoka hauwezi kulala juu ya ukuta uliopinda. Pembe zake mbili hugusa, na katikati hubaki nafasi. Katika nyumba ya mviringo yenye kipenyo cha futi 14, ubao wa inchi 52 huacha nyuma yake nafasi ya inchi 4 na kitu hapo katikati. Ubao wa inchi 76 huacha inchi 9. Inchi 9 ni chumba kizima kwa panya, na kila kitu kitakachoanguka huko, kuanzia miwani hadi kitambulisho, hakitaonekana mpaka siku ya kuhama. Mwenye nyumba ya namna hiyo na achague kitanda kisichozidi futi 4, kisha amwambie fundi akate kipande cha ubao kwa kufuata mzingo wa ukuta, akilaze juu ya nafasi ile kama rafu. Taa itapata mahali, na panya watakosa.

Kimo ndicho kinachowakosesha watu wengi, kwa sababu hupima kutoka sakafuni. Mtu hasinzii sakafuni. Kimo cha ubao huhesabiwa kutoka juu ya godoro, kisha ndipo huongezwa kimo cha kitanda. Godoro la inchi 6 likibadilishwa kwa la inchi 10, ubao ule ule utaonekana umefupika kwa inchi 4, na mtu aliyezoea kuegemeza mabega ataegemeza mbavu.

Iko njia moja nzuri isiyotaka elimu yo yote. Weka godoro juu ya kitanda, au juu ya masanduku yaliyo sawa na kimo cha kitanda, ulisukume mpaka ukutani. Keti juu yake, uegemee ukuta kama mtu asomaye gazeti, na mwenzio atie alama ya chaki penye mabega yako. Kisha abadili yeye, nawe umtilie alama yake. Hapo mtakuwa na mistari miwili. Ubao ukifika mstari wa aliye mfupi unawatosha wote wawili, maana aliye mrefu atateremka kidogo juu ya mto. Kwa watu wazima wengi kimo hicho huwa kati ya inchi 18 na 24 kutoka juu ya godoro. Kwa mtoto wa shule, au kwa mtu ambaye kitanda kwake ni mahali pa kulala tu, inchi 12 au 14 zatosha kuzuia mto.

Upande wa chini nao una kipimo chake, wala mafundi hawausemi mara nyingi. Ubao usianzie pale godoro linapoishia juu. Ukiacha mwanya hapo, mto utaingia, mkono wa mtoto utaingia, na shuka itanaswa. Ushuke chini ya uso wa godoro kwa inchi 4 au 6. Zaidi ya hapo ni kuficha mbao nzuri mahali ambapo hapana macho ya kuziona.

Sasa nirudi kwa bwana wetu wa Kakamega na chumba chake. Ukuta anaotaka kuuweka mchago una upana wa futi 9, yaani inchi 108. Kitanda chake kwa nje ni inchi 64. Fundi ataka kuongeza mabawa mawili ya inchi 18 kila moja, ambayo ni inchi 36. Jumla inchi 100. Zimebaki inchi 8 za chumba kizima, 4 kila upande. Hapo hapawezi kuingia kitanda cha mtoto, hata kapu la mtoto haliingii. Miguuni nako hakuna msaada. Urefu wa chumba ni inchi 120. Kitanda pamoja na ubao wake na kitakizo cha miguuni huchukua inchi 80. Zinabaki 40, na mlango wenye upana wa inchi 32 hufungukia humo humo. Basi mtoto angelala wapi? Ama katikati ya wazazi wake, jambo ambalo wakunga na waganga hawalipendi kwa mtoto mchanga, ama chumba kingine, mbali na maziwa ya mama yake.

Achukue ubao wa inchi 64 tu, bila mabawa. Kitanda akisogeze upande mmoja, akiacha inchi 6 kati yake na ukuta, nafasi ya mkono kupita wakati wa kutandika. Upande wa pili zitabaki inchi 38. Kitanda cha mtoto chenye upana wa futi 2 na urefu wa futi 4 kitakaa hapo, ubavuni mwa mama, kikianzia mchagoni. Kwa kuwa kitanda kikubwa kina urefu zaidi ya inchi 72, mama atabakiwa na futi 2 upande wa miguuni za kushukia bila kuvuka mtu. Taa yaweza kutundikwa ukutani. Mtoto atakapokua na kuhamia chumba chake, kitanda kitarudishwa katikati, ikiwa ubao haukupigiliwa misumari ukutani. Ndiyo maana nasema ubao ufungwe kwenye kitanda chenyewe, usifungwe kwenye nyumba.

Najua fundi atasema kwamba kitanda kisichokaa katikati ya ukuta hakipendezi. Ni kweli hakipendezi sana. Lakini ni kwa mwaka mmoja au miwili.

Kuna na dirisha. Bwana huyu ameandika kwamba dirisha la chumba liko katika ukuta ule ule wa mchago, kizingiti chake cha chini kiko inchi 36 kutoka sakafuni, na kimo cha dirisha ni futi 4. Ubao wa futi 5 ungefunika inchi 24 za dirisha, ambazo ni nusu yake. Angekuwa amelipa fedha ya kioo na chuma, halafu akalipa fedha nyingine ya kuvificha. Dirisha la chuma hufungukia nje, na mtu hapo angelazimika kupanda kitandani na viatu ili afikie komeo. Chaga za kitanda chake zikiwa inchi 14 kutoka sakafuni, na godoro lake likiwa la inchi 8, uso wa godoro utakuwa inchi 22. Akiongeza 18 za kuegemea anapata 40. Ubao utapita kizingiti kwa inchi 4, na inchi hizo hazizuii mwanga wala hewa.

Shemeji yake hatapendezwa. Lakini nimwulize shemeji huyo, kwa heshima yote: mgeni aingiaye chumba cha kulala cha mtu ni nani? Katika nyumba zetu mgeni huishia sebuleni, na huko ndiko kiti kizuri kinakoonekana. Anayeuona ubao wa mchagoni kila siku ni mwenye nyumba na mkewe, nao huuona wakiwa wameupa kisogo. Sisemi mtu asipende kitu kizuri. Ubao mdogo wa mninga uliopigwa randa vizuri na kupakwa nta unapendeza kuliko ubao mpana wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ule wauitao MDF, uliofunikwa karatasi yenye picha ya mti.

Na kwa kuwa nimeutaja huo, tuseme habari ya uzito. Tukikadiria kwamba mita moja ya ujazo ya MDF ina kilo 700, ubao wa inchi 100 kwa 60 wenye unene wa milimita 18 utakuwa na karibu kilo 49. Huo ni mfuko wa saruji. Mtu anaulaza mfuko wa saruji wima nyuma ya kichwa chake na kichwa cha mtoto wake, umeshikwa kwa skrubu mbili au tatu katika ubao ambao ukilowa maji hufura na kuziachia skrubu zake. Ubao niliomtajia, inchi 64 kwa 24, ukiwa wa kitu kile kile na unene ule ule, una kilo 12 na nusu. Tena eneo lake halifiki theluthi ya ule wa fundi. Ni kama robo. Bei hufuata mbao, na tofauti hiyo yaweza kununua kitanda cha mtoto.

Chandarua kimewashinda wengi. Kakamega ni nchi ya mbu, na mama mja mzito na mtoto mchanga ndio wanaoumizwa zaidi na malaria. Chandarua hakifanyi kazi kama hakikuchomekwa chini ya godoro pande zote nne. Upande wa mchagoni lazima kipite kati ya godoro na ubao, basi iachwe nafasi ya nusu inchi au inchi moja hapo. Ubao wenye mabawa yaliyojitokeza mbele hukizuia kushuka, nacho huning'inia juu ya visanduku kama nguo iliyoanikwa, na mbu hupita chini yake. Ubao wenye pembe zilizochongoka au maua yaliyosimama juu hukichana kidogo kidogo, na mwenye kitanda hulaumu chandarua. Mwambie fundi upande wa juu uwe wa mviringo au ulionyoka, na pembe zipigwe msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa.

Kuna mtindo wa siku hizi wa kuufunika ubao kwa sponji na mahameli, halafu kuupiga vifungo vingi vya kubonyea. Utauona katika vitanda vya mafundi wa kando ya Ngong Road, Nairobi, wa Gikomba, na wa soko la Kibuye mjini Kisumu, na kazi yao ni safi. Mgongo hustarehe, hilo silikatai. Lakini kila kifungo ni shimo, na kila mshono ni nyumba ya kunguni, ambao hupenda kukaa karibu na kichwa cha alalaye. Mafuta ya nywele nayo hufanya doa jeusi kabla ya mwaka kwisha. Aupendaye na aagize kitambaa kiwe kama foronya, chenye zipu au kamba, kiweze kuvuliwa na kufuliwa na kuanikwa juani. Aliye Pwani aachane na sponji kabisa. Huko ubao wa fito zilizo wazi hupitisha hewa, na mgongo haulowi jasho.

Ubao usigandamane na ukuta. Acha inchi moja. Ukuta wa udongo au wa mawe hupitisha unyevu wakati wa mvua, na mbao zilizogusana nao huota ukungu nyuma, mahali ambapo mtu hatazami. Tena mchwa apandaye ukutani hujenga njia yake wazi kama kuna nafasi, nawe utaiona. Pasipokuwa na nafasi hupita moja kwa moja ndani ya ubao.

Kabla ya kuagiza, pima na mlango. Simaanishi mlango wa chumba peke yake. Pima na ukumbi, na kona ya ukumbi, na ngazi kama iko. Ubao mwembamba wa inchi 64 hupita kwa kuinamishwa. Ule wa inchi 100 wenye visanduku hauwezi kupinda kona ya ukumbi wa futi 3, na hapo ndipo fundi hutoa msumeno mbele ya mwenye mali. Kitanda kifungwe kwa boliti na nati, wala kisigundishwe kwa gundi, ili siku ya uhamisho kifunguliwe vipande vinne. Karani wa serikali hahitaji kuelezwa habari ya uhamisho.

Nimwandikie basi bwana huyu karatasi ya kumpelekea fundi. Upana wa ubao inchi 64, ambazo ni sentimita 163. Upande wa juu uwe inchi 40 kutoka sakafuni, ambazo ni sentimita 102, na upande wa chini inchi 16, ambazo ni sentimita 41. Matendegu mawili ya mchagoni yapande mpaka juu na kuushika ubao pande zote mbili, pasiwe na kitu cha kushikwa na ukuta. Pembe za juu ziwe za mviringo. Boliti 2 kila pembe ya kitanda. Aandike vipimo vyote kwa inchi na kwa sentimita, kwa sababu fundi mzee husoma kwa inchi na kijana wake kwa sentimita, na kazi nyingi huharibika kati ya hao wawili. Karatasi ziwe mbili, kila mmoja atie sahihi yake, na malipo ya kwanza yatajwe humo humo.

Nafasi imebaki kidogo, basi nimjibu na mwalimu mmoja wa Nyandarua. Yeye ana ubao wa zamani wa mkangazi, uliotoka katika kitanda cha futi 4 cha marehemu baba yake, naye ataka kuutumia katika kitanda kipya cha futi 5. Yawezekana. Ubao wake una inchi 52, na zatakiwa 64. Asiukate wala asiunyoshe kwa kuutia kipande katikati. Fundi atengeneze matendegu mawili mapya ya mchagoni, na kati ya kila tendegu na ubao atie kipande cha kusimama, upana utakaojaza inchi 12 zilizopungua, 6 kila upande pamoja na tendegu lenyewe. Mti mpya hautafanana rangi na mkangazi wa miaka mingi, na kuupaka rangi ili ufanane aghalabu huharibu vyote viwili. Afadhali auache mweupe, kama ni saipresi, ubao wa mzee uonekane katikati kama picha ndani ya fremu yake.